Mgonjwa Hasemi Uongo: Ugonjwa wa Usingizi na Historia ya Maumivu

Katika kazi yetu ya kuwatembelea wagonjwa, sisi mapadri, wafratri na makatekista, mara nyingi twakuta jambo linalotutatiza. Mgonjwa hana jeraha, hana mfupa uliovunjika, hana jipu. Na hata hivyo analalamika sana. Tukimshika mkono, analia. Mtoto akigonga kitanda kwa bahati mbaya, anapiga kelele. Ndugu zake wamechoka naye. Wengine wasema: «Anajisingizia tu, hataki kulima.» Wengine wanong'ona kwamba amerogwa. Na sisi wenyewe, tukiisha kutoka nyumbani mwake, twajiuliza moyoni: huyu anaumwa kweli, ama anatafuta huruma?

Swali hili si dogo. Lagusa haki, lagusa na mapendo. Anayemhesabu mgonjwa kuwa mwongo, naye siye, amemkosea mara mbili: amemnyima msaada, tena amemwondolea jina jema. Kwa hiyo tumeona yafaa kuwasimulia wasomaji wetu habari ya ugonjwa mmoja ambao babu zetu waliujua sana, ndio ugonjwa wa usingizi. Ndani yake waganga walikutana na maumivu ya namna hiyo, yasiyolingana na jeraha lolote. Tena tutaeleza jinsi wataalamu walivyotafuta sababu yake kwa muda wa miaka zaidi ya mia, hata wakafika kujua kwamba ubongo unaowaka huzidisha maumivu.

I. Ugonjwa uliohukumiwa kabla ya kupimwa

Ugonjwa wa usingizi, ambao wengine wauita malale, ni wa zamani katika Afrika. Mwaka 1734 mganga mmoja wa meli za Uingereza, jina lake John Atkins, aliandika habari zake baada ya kuuona katika pwani ya Gine. Kati ya sababu alizozitaja ni uvivu, na udhaifu wa asili wa ubongo. Tutazame vizuri: mgonjwa alikwisha kuhukumiwa kabla ya kupimwa. Mwaka 1803 mganga mwingine, Thomas Winterbottom, aliyefanya kazi Sierra Leone, aliandika kwamba wauza watumwa walikataa kununua mtu mwenye matezi yaliyovimba shingoni. Hawakujua ugonjwa, lakini walijua hasara. Hata baadaye wako waliosema kwamba watumwa waliopelekwa visiwa vya Antiye walishikwa na usingizi kwa sababu ya huzuni tu, kwa kuikumbuka nchi yao.

Kati ya mwaka 1896 na mwaka 1906 ugonjwa ulienea kwa ukali katika bonde la mto Kongo, na katika Uganda kando ya ziwa Nyanza. Wapagazi na askari walitembezwa toka nchi hata nchi, mashua za moshi zilipanda na kushuka mitoni, na ugonjwa ukasafiri pamoja nao. Vijiji vizima vilibaki bila watu. Kandokando ya ziwa Tanganika vilevile msiba ulipita, na mamisioni ya kwanza yalizika wakristu wengi.

Ndipo waganga wakaanza kutafuta kwa bidii. Mwaka 1901, katika Gambia, mganga Forde aliona vijidudu katika damu ya mgonjwa mmoja. Mwenzake Joseph Everett Dutton akavitambua kuwa ni tripanozoma. Katika Entebbe, Mwitalia Aldo Castellani alivikuta vijidudu hivyo katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa usingizi. Mwaka 1903 David Bruce alionyesha kwamba nzi tse-tse ndiye anayevipeleka kutoka kwa mtu hata kwa mtu.

Dutton huyo alifika kwetu. Mwaka 1903 alianza safari katika Kongo pamoja na mwenzake Todd, akapanda mto hata Kasongo, katika Maniema. Huko Kasongo alikufa tarehe 27 Februari 1905, angali kijana. Hakufa kwa ugonjwa wa usingizi, lakini kwa homa ya kimputu, ambayo alikuwa akiichunguza vilevile.

Siku zile zile, London, mtaalamu Frederick Mott alikuwa akitazama kwa mikroskopi ubongo wa watu waliokufa kwa ugonjwa huu. Aliandika juu yake tangu mwaka 1899. Aliona nini? Aliona kwamba mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo imezungukwa na chembe nyingi ajabu, zimejipanga kuizunguka kama mkono wa kanzu unavyouzunguka mkono wa mtu. Basi, ugonjwa huu haukuwa uvivu, wala huzuni, wala udhaifu wa asili. Ubongo wenyewe ulikuwa unawaka.

II. Mganga aliyepata kuwa mgonjwa

Hapa yafaa tueleze neno hilo. Katika karne ya kwanza, mwandishi Mroma Celsus aliandika kwa Kilatini dalili nne za mahali pa mwili panapowaka: papata wekundu, pavimba, papata moto, pauma. Kila mtu aliyechomwa na mwiba azijua. Mwako huo si ugonjwa peke yake. Ni kazi ya mwili wenyewe unapopigana na adui. Damu yaja, chembe za ulinzi zaja, vita vyaanza. Lakini mwako ukiwa ndani ya fuvu la kichwa, nani auone? Hakuna wekundu wa kutazama wala uvimbe wa kupapasa. Labda yabaki dalili moja tu inayoweza kutoka nje, nayo ni kilio cha mgonjwa.

Kilio hicho kiliandikwa kwa uangalifu na mtu mmoja aliyekilia mwenyewe. Jean Kérandel alikuwa mganga wa jeshi la Ufaransa katika makoloni. Alifanya kazi katika nchi za Afrika ya Kati zilizotawaliwa na Wafransa, upande wa kaskazini wa Kongo yetu. Huko alipatwa na ugonjwa wa usingizi. Alikuwa mganga, akawa mgonjwa. Badala ya kukata tamaa, alishika kalamu akajichunguza kama vile angalimchunguza mtu mwingine, na mwaka 1910 maandiko yake yalipigwa chapa Paris, katika jarida la chama cha waganga wanaochunguza magonjwa ya nchi za joto.

Kérandel aeleza kwamba alikuwa akisikia maumivu makali yasiyo na kipimo. Akijigonga kidogo tu penye kitu kigumu, kwa namna ambayo mtu mzima asingeijali hata kidogo, alipatwa na maumivu ya kutisha. Tena maumivu hayakuja mara moja. Yalichelewa kidogo, kana kwamba mwili ungali ukifikiri, kisha yakamwangukia. Tangu siku hizo waganga waliita dalili hiyo «ishara ya Kérandel». Hufundishwa pia kwamba mgonjwa wa namna hiyo aweza kuogopa hata kuzungusha ufunguo mlangoni, kwa sababu chuma kikibana vidole vyake ataumia sana.

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kérandel alikilalia. Twapaswa kumshukuru, kwani alitumia mateso yake kwa faida ya wengine; alipona, akaendelea na kazi. Lakini tusisahau neno moja. Kabla yake Waafrika maelfu walikufa kwa ugonjwa ule ule, na ishara hiyo haina jina la mmoja wao. Kilio cha mpagazi na cha mama kijijini hakikuingia vitabuni. Kilio kile kile, kilipotoka kinywani mwa mganga, kilisadikiwa, kikapewa jina.

III. Kamba ya kengele

Kwa nini watu wenye akili, tena wenye huruma, hawakusadiki upesi? Sababu moja ni kwamba walikuwa na wazo la zamani juu ya maumivu. Twaweza kulitazama katika kitabu cha mfilozofu Descartes juu ya mwili wa mtu, kilichopigwa chapa kwa Kifransa mwaka 1664, baada ya kufa kwake. Descartes aonyesha mtu ambaye mguu wake umekaribia moto. Moto wavuta uzi mwembamba ulio ndani ya mguu, nao uzi wafika hata ubongo. Ni kama vile mtu akivuta kamba chini, kengele yalia juu mnarani.

Wafratri waliosoma filozofia wamjua Descartes, na mfano wake ni wa kupendeza. Kuna ukweli ndani yake, kwani mishipa ya fahamu yapeleka kweli habari toka ngozi hata ubongo. Lakini tazameni matokeo yake. Ikiwa maumivu ni kengele tu, basi mvuto mdogo utatoa mlio mdogo, na mvuto mkubwa mlio mkubwa. Tena, ikiwa hakuna aliyevuta kamba, kengele haiwezi kulia. Anayelia bila jeraha ni mwongo ama mwenda wazimu. Ndivyo watu wengi walivyofikiri kwa muda mrefu, na ndivyo wengi wetu tungali tukifikiri pasipo kujua.

Pigo kubwa kwa wazo hilo lilikuja mwaka 1965, wakati Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza walipoandika kwamba katika uti wa mgongo kuna kama mlango. Mlango huo waweza kufunguka zaidi ama kufungwa, na ubongo nao una nguvu juu yake. Kwa hiyo jeraha moja laweza kuumiza sana leo na kuumiza kidogo kesho. Mwaka 1983 Clifford Woolf, akifanya kazi London, alionyesha kwa panya kwamba baada ya jeraha chembe za fahamu za uti wa mgongo hubadilika zenyewe. Zinakuwa nyepesi mno kushtuka. Kitu kidogo kikizigusa, zinapaza sauti kubwa.

IV. Walinzi wa ubongo

Lakini nani anayezibadilisha chembe hizo? Jibu lilikuwa limekaa mbele ya macho ya wataalamu tangu zamani, ila walilidharau. Mwaka 1856 Mjerumani Rudolf Virchow aliandika juu ya kitu kinachojaza nafasi kati ya chembe za fahamu. Alikiita kwa neno lenye maana ya gundi. Watu walifikiri kazi yake ni kushikanisha tu, kama udongo kati ya matofali.

Katika Hispania, Santiago Ramón y Cajal alizichora chembe za fahamu kwa ustadi mwingi, hata akapata zawadi ya Nobel mwaka 1906. Mwanafunzi wake Pío del Río Hortega aliendelea mbele. Mwaka 1919, kwa kutia rangi ya madini ya feza, aliweza kuona kati ya ile gundi chembe ndogo za namna ya peke yake, zenye matawi membamba. Aliziita mikroglia. Alisema kwamba hizo hubadilika umbo ubongo ukiumizwa: huvuta matawi yao, hunenepa, huenda mahali pa hatari, hula uchafu. Basi si udongo kati ya matofali. Ni walinzi wa nyumba.

Miaka mingi ikapita kabla ya watu kuwaunganisha walinzi hao na maumivu. Katika miaka ya 1990, Linda Watkins na Steven Maier, katika Colorado huko Marekani, walionyesha kwamba mnyama akiwa mgonjwa, chembe za ulinzi za mwili hupeleka habari hata ubongo, na ubongo waongeza wepesi wa kusikia maumivu. Kila mmoja wetu aliyepatwa na malaria ajua jambo hilo. Viungo vyote vyauma, ngozi yauma, hata shuka yasumbua. Lakini hakuna aliyetupiga fimbo. Hapo kuna hekima ya Muumba, kwani maumivu hayo yatulaza chini, ili nguvu zote za mwili zipigane na ugonjwa.

Mwaka 2003 Makoto Tsuda na Kazuhide Inoue wa Japani pamoja na wenzao walionyesha kwa panya kwamba mikroglia za uti wa mgongo zafanya kazi katika maumivu yanayofuata kuumizwa kwa mshipa wa fahamu. Waliuzuia mlango mmoja mdogo ulio juu ya chembe hizo, na panya akaacha kusumbuliwa na mguso mwepesi. Mwaka 2005 wataalamu wa Kanada na wenzao walieleza namna yake: mikroglia zamwaga dawa ya mwili inayoondoa breki katika chembe za fahamu. Kisha, mwaka 2015, ilijulikana kwamba katika panya wa kike mambo hupita njia nyingine, kwa msaada wa chembe nyingine za ulinzi. Mwaka ule ule, katika mji wa Boston, Marco Loggia na wenzake walipiga picha ubongo wa watu wenye maumivu ya mgongo ya siku nyingi. Waliona dalili za walinzi walioamshwa, hasa katika talamo, mahali ambapo habari nyingi za mwili hupitia ndani ya ubongo.

Tutafute mfano wa kwetu wa kueleza mambo hayo kwa wakristu. Wapiga ngoma, kabla ya sherehe, huiweka ngoma karibu na moto. Ngozi yakauka, yakazika. Ngoma iliyolegea, hata ukiipiga kwa kiganja chote, yatoa sauti nzito ya chini. Iliyokazwa na moto, ukiigusa kwa kidole tu, yalia na kijiji chote chasikia. Mkono ni ule ule. Ngozi ndiyo iliyogeuka. Ndivyo ilivyo kwa ubongo unaowaka. Mguso ni mdogo, lakini maumivu ni makubwa, tena ni ya kweli. Na mara nyingine moto umekwisha kuzimika, jeraha limepona, lakini ngozi ya ngoma haijalegea bado. Mtu aliyepona mkanda wa jeshi aweza kukaa miezi na miaka akiumizwa na nguo yake mwenyewe.

V. Dawa zilizochoma na dawa zilizoponya

Turudi katika ugonjwa wa usingizi. Kwa muda mrefu, ubongo ukiisha kuingiwa, dawa zenyewe zilikuwa mateso. Mwaka 1920 mwanamke mganga wa Marekani, Louise Pearce, alikuja Léopoldville kujaribu tripasamidi. Dawa hiyo iliwaponya wengi, lakini wengine iliwapofusha macho. Mwaka 1949 Ernst Friedheim wa Uswisi alileta melarsoproli, dawa yenye aseniki. Wagonjwa waliopigwa shindano lake walisema kwamba ni moto unaopita ndani ya mishipa. Tena yenyewe iliweza kuzidisha mwako wa ubongo, na karibu wagonjwa 5 katika 100 waliotibiwa walikufa kwa ajili yake.

Baada ya vita na fujo, ugonjwa ulirudi kwa nguvu katika nchi yetu. Mwaka 1998 walioandikwa katika Afrika nzima walikuwa karibu 40,000. Lakini matengenezo yalikuja. Katika Kongo, mganga Mkongomani Victor Kande aliongoza majaribio ya dawa mpya, feksinidazoli, ambayo mgonjwa aimeza kwa kinywa kwa muda wa siku 10. Mwisho wa mwaka 2018 dawa hiyo ilipata ruhusa, na mwaka ule wagonjwa walioandikwa walipungua hata chini ya 1,000. Ni jambo la kumshukuru Mungu, na kuwashukuru wauguzi waliotembea kijiji kwa kijiji wakipapasa shingo za watu. Wauza watumwa walipapasa shingo ili wamwache mgonjwa. Hao walipapasa ili wamwokoe.

VI. Wajibu wetu

Hapa wengine watauliza: je, mkristu asivumilie maumivu yake pamoja na Kristu msalabani? Swali hilo waganga wenyewe walimwuliza Baba Mtakatifu Pio XII, naye aliwajibu katika hotuba ya tarehe 24 Februari 1957. Alifundisha kwamba mkristu aweza kwa hiari kupokea mateso kwa ajili ya imani, lakini halazimishwi siku zote kukataa dawa za kutuliza maumivu. Hata kwa anayekaribia kufa, zaweza kutumiwa kwa masharti ya haki. Mwaka 1984 Yoane Paulo II aliandika barua nzima juu ya maana ya mateso ya mtu, naye katika barua hiyo ajifunza kwa Msamaria mwema. Msamaria yule hakusimama kwanza kumhoji aliyelala njiani kama anaumia sana ama kidogo. Alishuka, akafunga vidonda.

Basi, sadaka ya mateso yatolewa na mgonjwa mwenyewe kwa hiari yake. Mtu mwingine hawezi kuitoa kwa niaba yake kwa kumnyima dawa ama kwa kumwita mwongo. Rafiki za Yobu walikuja kumfariji. Kosa lao ni kwamba walianza kutafuta hatia yake badala ya kusikiliza kilio chake.

Kwa hiyo twawashauri ndugu zetu mambo matatu. La kwanza: mgonjwa akisema anaumia, tumsadiki. Aweza kukosea juu ya sababu, lakini maumivu yake yeye ndiye ayajuaye. La pili: tumpeleke kwa waganga. Katika nchi zenye nzi tse-tse, mtu mwenye kuumwa kichwa siku nyingi, mwenye matezi shingoni, anayelala mchana na kukesha usiku, aliyebadilika tabia, anayelia kwa kugongwa kidogo, apimwe upesi. Tusiwaache ndugu zake watafute mchawi. La tatu: sisi wenyewe tumguse polepole.

Ng'ambo ya ziwa Tanganika, huko Karema, alifanya kazi Adriani Atiman, katekista na mganga, tangu mwaka 1889 hata kufa kwake mwaka 1956. Alinunuliwa toka utumwani alipokuwa mtoto, akasomea uganga Malta, akawatumikia wagonjwa kwa muda wa miaka 67. Mtu mmoja aliweza kuunganisha katekismu na dawa, neno na mkono. Huo ndio mfano tunaopewa.

Padri akimpaka mgonjwa mafuta matakatifu katika paji la uso na katika mikono, akumbuke ngoma iliyokazwa na moto. Kidole chake kiwe chepesi. Na mgonjwa akivuta mkono wake kwa maumivu, asikasirike, asiseme kwamba hana heshima kwa sakramenti. Amngoje. Kisha aanze tena, polepole zaidi.